Koti Lililobaki Jericho

Jericho, Nairobi
19 Juni 1994

Mama mpendwa,

Nakusalimu sana, wewe na wote walio hapo bomani. Goti lako linaendeleaje na baridi hii? Sisi huku hatujambo. Sally ameng'oka meno mawili ya mbele, na sasa anacheka akiwa ameziba mdomo, kama baba yake alivyokuwa akicheka mbele ya wageni. Najua anayekusomea ni mjukuu wako Triza. Namwomba asome polepole, asiruke mahali.

Habari ya kwanza ni kwamba nimeanza masomo ya watu wazima. Tunasomea katika ukumbi wa mtaa saa kumi na moja jioni, wakati jua linaingia kwa madirisha ya upande mmoja na vumbi la chaki linaelea kama unga. Siku nyingine naliangalia tu vumbi hilo hadi nasahau niko wapi. Namwona mume wangu, mwanao Wesonga, akirudi kutoka kiwanda cha mablanketi kule Baba Dogo, nyuzi nyeupe zimemkaa kwenye nyusi, na watoto wa ploti wakimwamkia babu.

Mwalimu wetu anaitwa Wacera. Kila wiki hutupa neno moja la Kiingereza pamoja na ndugu zake, kisha kila mtu anatunga sentensi. Sheria yake ni moja tu: sentensi iwe ya kweli, itoke nyumbani kwako. Anasema ukifanya hivyo neno halikutoki kichwani. Wiki jana neno lilikuwa "keep", yaani kuweka kitu na kukitunza. Ndugu zake ni "keeps", "keeping" na "kept", pamoja na "keeper" ambaye ni mtunzaji.

Bwire, kinyozi wa hapa sokoni, alisimama wa kwanza akasema "I kept quiet", kwamba alinyamaza, na akaongeza kuwa amenyamaza hivyo tangu alipooa. Akina mama wakamwambia akae chini, mkewe ndiye mpole, yeye ndiye redio ya mtaa mzima. Tulicheka hadi Mwalimu akavua miwani kufuta machozi.

Mimi niliandika tatu upesi. "My mother keeps beans in a pot." Huyo ni wewe na chungu chako cha maharagwe chenye ufa. "Sally is keeping her teeth in a matchbox." Ndiyo meno yake yaliyong'oka, anayatunza kwenye kibiriti. "My husband was a good keeper of shoes." Unakumbuka alivyovifunga viatu vya Jumapili kwenye gazeti, kila kimoja peke yake. Ya nne mkono uliandika kabla sijaukataza: "I kept my husband's coat", yaani nililiweka koti la mume wangu. Mwalimu akapita, akaweka alama ya vyema, akaniambia haina kosa hata moja. Niliitazama alama ile nyekundu mpaka nikaona ukurasa wote umekuwa mwekundu.

Mama, ndiyo maana ninakuandikia.

Siku ile ya kugawa nguo za marehemu, wazee walikuwa wameshasema koti la kijivu ni la Simiyu, kwa kuwa ndiye ndugu anayemfuata. Sanduku likafunguliwa, koti halimo. Na kwa kuwa Simiyu ndiye aliyelibeba sanduku kutoka Nairobi, mjomba akamuuliza mbele ya watu kama koti alilinywa njiani, yaani aliliuza akanunua pombe. Watu wakacheka. Nasikia mpaka leo Simiyu hali chakula nyumbani kwako.

Mimi nilikuwa nimeketi kwenye mkeka, kichwa kimenyolewa, na nilijua koti liko wapi. Lilikuwa Jericho kwa jirani yangu Wakiuru. Nilimwachia asubuhi ile tuliyosafiri. Wiki aliyougua Wesonga nilikuwa nimelitia kiraka kiwikoni, na bado lilikuwa na harufu yake. Nilijiambia nitasema kesho. Kesho yake ikawa ngumu zaidi, na mwezi uliofuata sikuweza kabisa. Nilimwacha shemeji yangu aitwe mwizi ili mimi nibaki na kitu cha kunusa.

Simiyu hakuiba. Ni mimi.

Triza, ukifika hapa simama. Nenda ukamwite Simiyu, na mjomba aje pia. Mpe Simiyu barua hii aisome mwenyewe, kwa sauti, tangu mwanzo.

Shule zikifungwa Agosti nitakuja na Sally. Koti nitalibeba mikononi, sitalitia sandukuni, na nitamvika Simiyu mbele ya watu walewale. Mkitaka kunifokea, nitaketi kwenye mkeka uleule nisikilize.

Mfukoni mwa koti nilikuta penseli aliyokuwa akiandikia hesabu ya mablanketi. Ndiyo ninayoandikia sasa. Imebaki fupi kama kidole gumba. Hiyo, Mama, naomba mniachie.

Sally anasema umwekee mahindi machanga, atayatafuna kwa meno ya pembeni. Uwasalimu wote, na Simiyu kabla ya wote.

Ni mimi mkwe wako,
Nangila