Croix nyekundu za Mansour

Zuhura! Kaka yangu Mansour, bantu balimupiga kule mutaa wa Kikula, muchana kweupe!

Alikuwa kwa kazi yake, anachora karte ya hatari, ramani ya manyumba yenye mvua inaweza kubeba. Kila nyumba ya hatari, anaweka croix nyekundu, musalaba ya rangi, kwa ukuta. Croix nyekundu, Zuhura! Nani hapa hajue ile ni alama ya kubomoa?

Mama mumoja alilia: «Banakuya kubomoa nyumba zetu!» Mawe ikaanza. Balimuvunja mukono, balimupasua kichwa. Mansour analalamika: «Ni kwa kuwalinda!» Banazidi kupiga.

Sasa tuko hospitali, karte yake iko kwa mukono yangu, damu tupu. Kwa mugongo yake, mbele ya kutoka, aliandika hatari zote zenye zinaweza kumupata kwa kazi: matope, waya za courant ya umeme, imbwa.

Kwa mustari wa «bantu», aliandika: hakuna hatari.