Unga wa Tangi la Tatu

Jumatatu, 5 Mei 2008

Siku ya mizani. Mvua ilitulia asubuhi, nikafunua plastiki juu ya matangi ya samaki. Manne, damu nne: la kwanza tilapia wa Baringo, la pili wa Sagana, la tatu wa ziwani Kisumu, la nne mchanganyiko. Tangu mwajiri wangu Mzee Navnit astaafu duka la dawa, kazi yetu hapa Spring Valley ni moja — kutafuta damu inayokua haraka kwenye baridi ya Nairobi, tuizalishe, zingine tuziache. Kwa hiyo maji sawa, chakula sawa, kikombe kile kile. Atakayezidi awe amezidi kwa vinasaba, si kwa sahani. Maneno yake.

Tangi la tatu limeshinda tena. Mbali sana. Mzee akanishika bega: "Damu, Tobias. Unaona damu?"

Mama Bhanu, mkewe, alikuwa kwenye dirisha la jikoni. Anacheka peke yake.

Jumatano, 7 Mei

Mama alitoka kusali na bakuli lake la chuma. Madonge ya unga wa chapati, kama kawaida. Nyumba hii hawali samaki, hata yai hawali, lakini kulisha samaki kwao ni thawabu. Tangi la tatu liko mlangoni pa jikoni. Magoti yake hayamfikishi mbali zaidi.

Leo nilimkumbusha kwamba Mzee anataka chakula kiwe sawa.

"Wewe Tobias, hii si chakula. Hii ni maombi. Maombi iko kilo ngapi?"

Kisha akasema nisimwambie Mzee, atamletea hesabu asubuhi yote. Nikacheka. Vidonge vyenyewe kama gololi. Vitafanya nini?

Ijumaa, 20 Juni

Mama Bhanu alifariki jana. Moyo. Leo wamemchoma kule Kariokor, desturi yao Wahindu. Kwetu tunazika, mtu anabaki mahali pa kusimama. Mzee alirudi akiwa na suruali nyeupe yenye jivu gotini, hakuna aliyemwambia.

Jioni nilipita kwenye matangi. Samaki wa tangi la tatu wote walikuwa kona ya jikoni, midomo juu ya maji. Nikawapa kikombe chao. Wakala, wakarudi kona.

Jumatano, 23 Julai

Baridi mbaya. Utando mweupe kama pamba umewashika samaki, unaanzia mkiani. Tangi la tatu ndilo limepigwa zaidi. Kila nikifunua plastiki kuna wanaoelea. Nimewaogesha chumvi, bado. La pili na la nne wachache. Baringo hakuna aliyekufa. Hata mmoja. Wanaogelea chini huko kama hakuna Julai.

Nilimwambia Mzee. Akaitikia tu kwa kichwa. Sidhani alinisikia.

Jumatatu, 25 Agosti

Mizani tena, watoto wa tangi la tatu pamoja na watoto wa matangi mengine, umri mmoja. Hawajazidi. Baringo wamewapita.

Mzee alipima upya, akitikisa mizani kama redio mbovu. Akasema ni baridi. Akasema damu haibadiliki kwa miezi mitatu.

Ni kweli, haibadiliki. Nilikuwa nimeshika ndoo nikaona jambo lote kwa mara moja, nikaiweka chini. Hawa wadogo walizaliwa Mama ameshafariki, hawajawahi kuonja unga. Wazazi wao walikula kila asubuhi, miaka miwili. Ule uzito haukuwa damu. Ulikuwa Mama.

Na mimi nilicheka.

Jumapili, 14 Septemba

Kinoo, nyumbani. Nilimweleza mke wangu Ivyne tukichambua sukuma. Akauliza naogopa Mzee ama naogopa marehemu. Nikasema sijui.

"Basi sema ni wewe ulikuwa unawapa. Marehemu wa watu asiguswe."

"Atanifukuza."

"Akufukuze. Kwani tulizaliwa na samaki?"

Alicheka, lakini usiku aliniuliza kama kweli atanifukuza.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimechelewa. Mzee ameamua. Jumamosi Kilonzo wa hoteli ya Adams Arcade anakuja na pickup kuchukua samaki wa tangi la kwanza, la pili na la nne, wakubwa kwa wadogo. Wakaangwe. Nafasi yote iwe ya damu ya tangi la tatu.

Nikasema, "Mzee, Baringo hawakuugua Julai. Hiyo ndiyo afya tunatafuta."

"Bahati."

"Tungoje Desemba basi."

Akaangalia kona ya jikoni. Akasema Mama alipenda hawa wa tatu. Kila asubuhi alisimama hapo, yeye Mzee akiwa ndani anasoma gazeti. Hakuwahi kutoka kumuuliza anaangalia nini.

Hapo ndipo ningesema. Mdomo ulifunguka. Nikasema nitaandaa nyavu.

Jumamosi, 20 Septemba

Naandika nikiwa stoo ya pampu.

Saa moja asubuhi Mzee alitoka jikoni na bakuli la Mama. Ni zile wiki zao mbili za kuwalisha wafu. Binti yao Reshma amempigia simu kutoka Leicester, Uingereza, amwambie alishe viumbe kwa jina la mama yake. Kunguru walishapata chao ukutani. Madonge amekanda mwenyewe — makubwa, yamepasuka.

Alipokaribia tangi la tatu, kabla hajatia mkono bakulini, maji yakachemka. Wakubwa wote kona ile. Midomo juu.

Mzee akasimama. Kisha akaenda tangi la kwanza, akatupa donge moja. Baringo wakatawanyika kwa hofu. Donge likazama. Akaenda la pili. Vivyo hivyo. La nne, vivyo hivyo. Hakuna haraka, kama alivyokuwa akipima dawa. Akarudi la tatu, akanyoosha mkono mtupu tu. Wakaja.

Akaniuliza bila kugeuka, "Hawa nani amewazoesha?"

Kilonzo akapiga honi getini. Nikasema naleta wavu, nikaingia huku. Mwoga.

Honi tena. Nimemsikia Mzee akimwambia mlinzi gari lingoje nje.

Neno la Ivyne ninalo tayari: ni mimi, Mzee. Maneno matatu tu. Lakini nachungulia mlangoni, naye ameketi kwenye kreti kona ile, magoti karibu na maji, bakuli mapajani. Amekaa pale pale Mama aliposimama. Analifuta bakuli ukingo kwa kidole gumba, unga uliokauka, ule wa zamani.

Ananiita. Sauti haina hasira. Anasema nije nimwonyeshe walikuwa wanapewa kiasi gani. Naweka kalamu, natoka.