Odowa ya Mama

Rongo
5 Februari 2024

Mwanangu Celestine,

Nakusalimu wewe, mkwe wangu Frankline na huyo wa tumboni asiye na jina bado. Mimi mzima, ni magoti tu yanalalamika. Unajua mimi na simu hatupatani, kwa hivyo naandika.

Nimesikia chakula kimekushinda na unatamani odowa. Yawa! Kwani wewe ni mtoto wa nani? Oyaro anakuja huko Homa Bay na mitumba yake. Nimempa kilo mbili, yale mawe laini ya udongo niliyokuchagulia kabla sijapanga mengine mezani sokoni. Tafuna polepole. Nilipokubeba wewe nilikula hayo hayo, na ona ulivyotoka na miguu ya kukimbia.

Mama yako

Homa Bay
26 Februari 2024

Mama mpendwa,

Natumai magoti yamepoa. Frankline anakusalimu sana.

Kifurushi kilifika, nikakimaliza kwa siku tisa. Lakini sikukwambia yote. Nikipanda kilima kutoka ufuoni nasimama mara nne, moyo unapiga kama ninafukuzwa. Kliniki, muuguzi alinifunua jicho, akatazama viganja, kisha akanipeleka maabara. Damu ilipaswa kufika kumi na moja. Yangu ni saba nukta moja. Wakatafuta malaria, hakuna. Wakapima choo kuona kama ni minyoo, hakuna. Selimundu pia hakuna. Yule wa maabara, Omosa, akaniita nichungulie hadubini: chembe zangu za damu ni ndogo, na zimepauka katikati. Akasema damu hii imekosa madini ya chuma. Akaniuliza kama nakula kitu kisicho chakula.

Nikasema hapana. Akaangalia vidole vyangu. Vumbi la odowa lilikuwa bado kwenye kucha.

Anasema udongo unashikilia chuma tumboni, mwili usikipate. Mama, tafadhali usinitumie tena.

Binti yako,
Celestine

Rongo
4 Machi 2024

Celestine,

Salamu zako nimezipata. Za kurudisha sina.

Odowa ndiyo iliyokulipia shule mpaka kidato cha nne. Leo mtu mwenye koti jeupe anakwambia mama yako anauza sumu, nawe unachukua kalamu? Mwambie huyo Omosa aje sokoni aniambie mbele ya wanawake wenzangu.

Mama yako

Homa Bay
14 Aprili 2024

Mama,

Hujambo? Wiki sita sijapata barua yako. Sijakasirika.

Mimi mwenyewe nina kosa. Asubuhi nilikuwa nikimeza vidonge vya chuma vya kliniki, jioni nanunua odowa ya huku kwa siri. Mficha uchi hazai, kwa hivyo nimemwambia Omosa ukweli. Damu imepanda mpaka saba nukta nne tu. Daktari hakuzunguka: nikivuja sana wakati wa kujifungua, naweza nisirudi nyumbani. Wanataka watu wa kutoa damu ikae tayari.

Naogopa, Mama. Sikuandika kukulaumu. Niliandika kwa sababu ni wewe ninayekuambia mambo yangu.

Binti yako,
Celestine

Rongo
29 Aprili 2024

Nyathina, mtoto wangu,

Nisamehe. Kichwa changu ni kigumu kuliko bidhaa yangu.

Watu wa kukusanya damu walikuja na hema pale chuo kikuu. Nikafunga meza, nikapanga foleni na wanafunzi. Nikawaambia ninayo nyingi, chukueni mumpelekee mwanangu. Msichana mmoja, Dorine, akanidunga kidole, akaangusha tone kwenye maji ya buluu. Likizama, damu inatosha. Langu likaelea. Akarudia, likaelea tena. Akanifunua jicho, akaniuliza, "Mama, huwa unachoka?"

Celestine, nimechoka miaka thelathini. Nilidhani ndio utu uzima.

Nilikaa kwenye nyasi nikalia. Mama yangu Rael, ambaye hukumkuta, alikufa akimzaa mdogo wangu, damu ikikataa kukoma. Wakasema ni chira, amevunja mwiko wa boma. Mimi ndiye niliyemfungua leso siku ile. Pindoni kulikuwa na odowa.

Nami nimepewa vidonge. Meza vyako saa mbili, nami nitameza saa mbili, wala usisukume na chai, nayo huzuia chuma. Kula mboga za osuga na dagaa wa omena. Mezani sasa nauza njugu. Oyaro na mkewe watakuja huko mwanzo wa Juni kukutolea damu. Matone yao yalizama.

Mama yako

Homa Bay
19 Juni 2024

Mama yangu,

Salamu kutoka wodini. Mimi sijambo, na huyu anayenyonya hajambo.

Alikuja jana asubuhi, kilo tatu kasoro kidogo. Nilivuja, Mama, nikaloanisha shuka mbili. Lakini wiki iliyopita Omosa alikuwa amenipima, kumi nukta sita. Nilikuwa nayo ya kupoteza. Waliyotoa Oyaro na mkewe hatukuigusa, atapewa mwingine.

Frankline alitaka jina la kisasa. Nikamwambia huyu ni Rael, akanitazama usoni, akakubali.

Njoo umwone. Najua mila haikuruhusu kulala kwa mkwe, nimekutafutia kitanda kwa jirani yangu Liz. Ila njoo mikono mitupu. Nitakukagua mfuko mlangoni, na jicho pia.

Binti yako, mama Rael