Chupa Niliyoikataa

Mjukuu wangu Diane,

Sisi hapa Kibagabaga tu wazima. Nyanya yako anakusalimu. Goti lake sasa halimsumbui sana. Unauliza kama ulipe tu deni unalobishania na yule mkopeshaji wa kazini kwenu, au ukatae.

Nilipokuwa bado mwalimu, Faransisi wa Nyabugogo alinikopesha pesa hadi siku ya mshahara. Nilimrudishia, yeye akasema sikumrudishia. Nilikataa kulipa mara mbili, na wazee wa mtaa walipomsikiliza shahidi wangu, wakanipa haki. Kwa desturi yetu, aliyeshindwa huleta bia, wote wawili wakanywa, ndipo ugomvi unapoisha. Faransisi akaleta chupa.

"Mwalimu, umenishinda. Kunywa basi."

"Nitakunywa siku utakapokiri kwamba nilikulipa."

Akacheka. "Basi utakufa na kiu."

Ilikuwa Machi, mwaka wa tisini na nne. Mwezi uliofuata mauaji ya kimbari yakaanza; hayo unayajua. Faransisi hakuyavuka.

Usilipe usichodaiwa, mjukuu wangu; tunza risiti zako, useme kweli. Lakini akikuletea chupa, ipokee. Mimi haki yangu ninayo hadi leo, na kiu pia.

Babu yako