Si Penina Aliyekiharibu

Mama Crispus,

Maharagwe yako jikoni, ongeza maji. Sufuria ndogo isugue kwanza. Ndimo nilimochemshia kile kifaa changu cha mdomoni cha kuzuia kukoroma, kama tunavyochemsha maji ya kunywa yanayoletwa na lori, kikajikunja. Daktari alisema kioshwe kwa maji baridi tu. Karatasi ya maelezo sikuisoma, mimi niliyejisifu kwa daktari kwamba najua kusoma.

Asubuhi nilimlaumu mkwe wetu Penina mbele ya watoto kwamba amekiharibu. Akasema, “Baba, sijakigusa.” Nikamwambia, “Usinijibu!” Penina akaenda kazini bila chai, kisha ndipo nikakumbuka ile sufuria.

Niko kliniki, mtaa wa Malakia, napimwa kingine. Mpaka kiwe tayari, pumzi ikinikatika usingizini, nitikise.

~~Mwambie Penina anisamehe.~~ Usimwambie kitu. Nitamwomba msamaha mwenyewe, watoto wakisikia.

Baba Crispus