Mkwe Aliniletea Bia ya Kifaransa Iliyooza

Mpendwa mshauri, sikuandikii kutafuta pole, nakuandikia unipe haki yangu, maana nyumba nzima imenigeuka ilhali mimi ndiye niliyetukanwa.

Mimi ni mkulima wa majani chai hapa Nyacheki, Mkatoliki, sijawahi kuitwa mlevi, ila kikombe kimoja cha pombe hakinitishi. Binti yangu Nyanchoka alipata mchumba, Machogu, kijana wa Magwagwa anayefanya kazi Nairobi kwenye kiwanda kidogo cha bia, na Jumamosi iliyopita alikuja na wazee wake kuposa, akaniletea chupa kubwa ya kijani, kizibo kimefungwa kwa waya, akaniita baba kwa lugha yetu, akasema kwa heshima, "Tata, hii tumetengeneza sisi wenyewe kwa mtindo wa Wafaransa, nimekuletea uonje," nami nikafurahi, maana maishani mwangu nimekunywa bia ya kawaida na amarwa, ile pombe yetu ya wimbi, basi. Lakini nilipoinua chupa kwenye mwanga nikaona machicha yametulia chini, nikajua hii ni ndugu yake amarwa, na amarwa kila mtu anajua huongezwa maji ya moto, nikamwambia mke wangu alete birika, nikaitikisa chupa vizuri machicha yachanganyike, kizibo kikaruka kikagonga picha ya marehemu baba, povu likanirukia suti, nikavumilia, nikajimiminia nusu kikombe nikajaza maji. Yule kijana alifungua mdomo kama anayetaka kusema kitu, nikamtazama, akaufunga.

Nikaonja. Mshauri, ilikuwa chachu, chungu, vuguvugu, inanuka mkate uliolowa! Ndugu yangu Ongeri akaonja akatema, akasema, "Hii kijana imetuletea machicha ya nguruwe!" Nikamuuliza Machogu mbele ya wote kama kwao wakwe hupewa pombe iliyooza, naye akainamisha kichwa, "Tata, nisamehe, makosa ni yangu, labda imeharibikia njiani." Umeona? Amekiri mwenyewe! Nikawafukuza kabla hawajala. Sasa wazee wake wamesema hawarudi, Nyanchoka hashiki simu yangu, mke wangu ananipakulia chakula bila neno, nami nauliza, aliyekosewa ni nani?

Mzazi Aliyedharauliwa,
Nyacheki

JIBU

Mzee, aliyekosewa ni Machogu, na aliyemkosea ni wewe.

Nakuhurumia kidogo. Kuonja kitu kigeni huku macho yote yako kwako si jambo dogo, na hakuna anayependa kuonekana mshamba sebuleni mwake. Lakini kuuliza si ujinga. Bia ya namna hiyo hunywewa baridi, na yale machicha ni hamira. Bia humiminwa polepole ili hamira ibaki chini. Wewe umeitikisa, umeipika, kisha unamlaumu aliyeileta! Mtu akitia chumvi kwenye chai yako, utakubali aseme imeoza shambani?

Sasa tuje kwenye huko "kukiri". Nimeisoma barua yako mara tatu na kila mara hasira inanipanda. Kijana anayetengeneza bia kwa mikono yake hakujua imeharibiwa na nini? Alikuona ukimimina maji. Angetamka sentensi moja tu, ndugu zako wangekucheka mpaka leo. Yeye akashika ensoni, ile haya ya mkwe kwa mkwe, akabeba kosa lako mbele ya wazee wake, akaondoka na njaa. Nawe unayejifanya kuzijua mila unaniandikia kwamba umedharauliwa! Mkwe mwenye adabu hiyo ukimpoteza, mwingine utamwagiza Ufaransa?

Usitume ujumbe wa simu, wala usimtume mkeo, yeye alileta birika kwa amri yako. Anza na binti yako. Kama hashiki simu yako, mwombe mama yake ampigie, uongee wewe, na uongee kwa ufupi. Kisha mchukue Ongeri, maana naye mdomo wake una deni, mwende Magwagwa kwa wazee wa Machogu. Usiwaambie eti palitokea kutoelewana. Waambie, "Maji ya moto nilitia mimi, na kijana wenu alinisitiri." Wala usinong'one. Iseme kwa sauti ile ile uliyowafukuza nayo.