Zoezi la Kukataa

Baba,

Mvua imeanza kugonga mabati ya banda lako, nikaona nikuandikie nikiwa humu humu, kwenye benchi ya mwisho, ile niliyokuwa nikijifichia. Hapa Mayoni hayajabadilika mengi tangu tukuzike. Miwa ya ng'ambo ya barabara imechomwa, imekatwa, imeanza kuchipuka tena. Majivu yake bado yanakuja na upepo na kutua polepole juu ya kila kitu, na nikiyatazama sana nasahau kwamba hupo. Naona kama umetoka tu kumwita mtu.

Nina jambo la kuungama, lakini acha nilifikie polepole. Unanijua.

Baada ya mazishi, wakata miwa uliokuwa ukiwafundisha uchumi humu hawakuja darasani kwa muda mrefu. Ndipo Baba Mdogo akaniuliza kama banda hili lingeweza kuwa stoo yake ya mbolea. Mamangu alikuwa amesema uamuzi ni wangu, kwa kuwa ndimi niliyekuwa nikikaa nawe humu. Baba Mdogo aliuliza kwa upole. Nikaangalia vidole vyangu, nikasema sawa. Benchi, ubao, mwandiko wako wa chaki ambao sijaufuta, vyote nilivitoa kwa neno moja kwa sababu niliona haya kusema jingine.

Wiki hiyo hiyo Mama Nafula akaja, panga mkononi, akaketi mbele kabisa na kusema darasa lifunguliwe. Nilimwambia mwalimu hayupo. Akasema, "Si wewe ndiwe ulikuwanga unamsomea?"

Ni kweli. Ulinunua kile kitabu cha uchumi pale mjini Kakamega, cha Kiingereza, jalada limetoka. Nilikuwa nakusomea jikoni, nakuelezea kwa Kiswahili, kisha wewe unaleta maneno hapa na kuyafanya yawe ya watu. Nilipokuambia "soko huria" ulitikisa kichwa. "Hilo ni la redioni, Mama. Sema soko la mtu na hiari yake." Uliniita Mama kwa sababu nimebeba jina la mama yako. Siku hizi hakuna anayeniita hivyo.

Nikajiambia nitafundisha mara moja tu, kisha mbolea iletwe. Nilichagua somo lako la kubadilishana. Kila mtu alete kitu kidogo cha kwake, aonyeshe kwa vidole anakipenda kiasi gani, abadilishane na mwenzake, halafu aonyeshe vidole tena. Siku zako vidole vilikuwa vinapanda banda zima. Kisha unauliza, sauti chini: "Hakuna kitu kipya kimeingia humu. Mvua haijaleta, serikali haijaleta. Sasa huu utajiri umetoka wapi?" Na watu wanaangaliana wakicheka, kama vile kila mmoja ameukalia.

Siku yangu, Jumamosi iliyopita, nilisema badilishaneni kwa sauti ambayo mvua iliila nusu. Walibadilishana. Vidole vikashuka, Baba. Mzee Makokha, ambaye meno ya mbele yalimtoka zamani, alikuwa ameshika njugu za kukaanga za Mama Nafula, anatabasamu kwa adabu. Mama Nafula naye alikuwa na tupa ya mzee ya kunolea panga, na nyumbani ana mpya. Mtu mmoja akasema, "Mwalimu, leo tumetengeneza umaskini." Walicheka. Nilitamani sakafu inimeze.

Mzee Makokha aliziweka njugu chini. "Mtoto wa mwalimu, umeruka mahali. Baba yako alikuwanga anaanza na kukataa."

Hapo ndipo penye kuungama kwangu. Hilo somo la mwanzo sikuwahi kulisikia mpaka mwisho. Kwetu mtu akikupa kitu unapokea kwa mikono miwili. Kukataa ni kama kumfungia mlango. Ulilijua hilo, kwa hiyo ulikuwa unapita na mkungu wa ndizi mbivu, benchi kwa benchi, unasema "Chukua," na mtu lazima akutazame machoni aseme "Hapana, asante." Siku ya kwanza ulinifikia huku nyuma. Nikachukua. Watu wote wakacheka, hata wewe kidogo. Tangu siku hiyo, ukishika tu mkungu nilikuwa natoka kwenda mtoni kuchota maji, hata mtungi ukiwa umejaa.

Mzee alinimalizia. Kumbe ulikuwa unawaambia, "Asiyeweza kukataa hajauza wala hajanunua. Amechukuliwa tu."

Basi tulianza upya. Nilileta ndizi kutoka jikoni, nikapita. Hapana, asante. Hapana, asante. Mama Nafula alishindwa mara mbili. Mvua ilipungua ikawa kama mtu anayenong'ona, mwanga ukaingia wa rangi ya asali ukiwa na majivu ndani yake, na nilipogeuka nyuma nilihisi kuna mtu amepita kati ya benchi kabla yangu, mara nyingi sana, mpaka njia imekuwa laini. Walipobadilishana tena, vidole vikapanda.

Baba Mdogo alikuwa amesimama mlangoni. Alikuja kuuliza magunia yaletwe lini. Nilimtazama machoni.

"Hapana, Baba Mdogo. Asante."

Alitazama ubao, akatazama watu. Kisha akauliza, "Na siku za wiki? Jumamosi ibaki yenu." Nilifikiri. Hakuna aliyenisukuma. Nikamwambia: magunia upande wa ukutani, benchi zisiguswe, na paa linalovuja arekebishe yeye. Nikakubali, na kukubali huko hakukufanana hata kidogo na ile sawa ya kwanza. Mama Nafula alinyoosha vidole vyote kumi.

Mvua inaisha, Baba. Nakuacha upumzike. Nakuahidi Jumamosi sitaruka mahali tena, nitaanza ulipokuwa unaanzia. Na ukinijia usingizini na mkungu wako, sitatoka kwenda mtoni. Nitakutazama machoni, kwanza nikatae, ili ujue naweza. Kisha nitachukua ndizi moja, kwa hiari yangu.

Ni mimi,
Mama.